Mkasi wa Baba Mkubwa

Kitu cha kwanza kumshinda baba mkubwa kilikuwa mkasi. Alikuwa fundi cherehani sokoni Bunia, mashariki mwa Kongo, na mwaka 2000 akaanza kunipa mimi nikate vitambaa vizito, akisema mkasi umekuwa butu. Niliunoa mara tatu. Halafu nikaona kinofu cha kati ya dole gumba na kidole cha shahada kimebonyea, na chini ya ngozi ya mkono misuli ikirukaruka yenyewe kama matone ya kwanza ya mvua juu ya maji.

Baba yake alikufa hivyo hivyo, na dada yake mmoja pia. Ukoo ulikuwa na jibu lake: shangazi aliyebaki ndiye anayewaloga. Alihamishwa akaishi peke yake.

Daktari mmoja wa hospitali ya Nyankunde alitoa jibu jingine. Ugonjwa wa Charcot, alisema: seli za neva zinazoamrisha misuli zinakufa, na mara nyingi akili inabaki nzima. Akauliza habari za babu na za shangazi marehemu, akachora mti wa ukoo ndani ya faili. Karatasi ile niliitamani. Nilitaka kuiweka mezani mbele ya wazee ili shangazi arudi. Lakini Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa. Watu zaidi ya elfu moja waliuawa, wagonjwa waliolala vitandani wakiwemo, hospitali ikaporwa. Nani angeulizia faili?

Tarehe 7 Oktoba, redio ikiwa chini kwa sababu ya usiku wa Bunia wa wakati ule wa vita, tulisikia kwamba Tuzo ya Nobel ya tiba wamepewa Sydney Brenner, John Sulston na Robert Horvitz kwa kuchunguza jinsi seli zinavyokufa ndani ya mnyoo. Nyumba nzima ilicheka. Baba mkubwa, ambaye ulimi wake ulikuwa umeshakuwa mzito, alingoja tunyamaze ndipo akauliza: “Ule munyoo iko na mikono?”

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, na sikuelewa hata nusu. Miaka baadaye ndipo niliposoma. Mnyoo huyo wa udongoni ana urefu wa milimita moja na mwili unaopitisha mwanga, hivyo Sulston aliweza kukaa kwenye hadubini akifuatilia kila seli tangu yai. Zinazaliwa 1090, 131 kati yake hufa, zile zile, kila moja kwa wakati wake. Horvitz akapata jeni zinazoziamuru zijiue. Namba ile 131 niliikodolea macho muda mrefu. Waliokufa Nyankunde mwezi mmoja kabla ya redio ile sisi hatukuwahi kuwahesabu vizuri.

Jambo ambalo redio haikututajia, au labda kicheko chetu kililimeza, ni kwamba baba yake Horvitz naye alikufa kwa ugonjwa wa Charcot. Mwaka 1993 Horvitz alikuwa katika kundi lililotangaza kwamba katika baadhi ya familia ugonjwa huo unatokana na kasoro ya jeni iitwayo SOD1. Mwanzoni ilidhaniwa protini yake inashindwa kazi ya kusafisha sumu. Baadaye ikaonekana kwamba, ikikunjwa vibaya, yenyewe ndiyo inayozidhuru seli. Mzazi mwenye kasoro hiyo humrithisha mtoto kwa bahati ya nusu kwa nusu.

Nilikwenda kumweleza shangazi. Alikuwa akichambua maharagwe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Kwa hiyo ni baba yetu ndiye alituloga?” Sikuwa na jibu la haraka, na mpaka leo nikilifikiria silioni.

Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya tofersen, inayodungwa mgongoni, kwa wenye kasoro ya SOD1 tu. Kama sisi ni wa jeni hiyo au ya nyingine, sijui, sijapima. Baba yangu, mdogo wake fundi, aliuawa Bunia Mei 2003, katika siku zile za mapigano mjini. Baba mkubwa alianza kudhoofika akiwa na miaka 49, babu akiwa na 52. Baba alikufa akiwa na 45, kabla mikono yake haijasema lolote.

Mwaka huu nami nina 45. Asubuhi nikivaa shati, naanza na kifungo cha shingoni, kile kigumu.