Unatetemeka, Unayumba, au Unapigana?

Kiswahili kina maneno mengi ya kitu kisichotulia: kutetemeka, kutikisika, kuyumba, kupepesuka, kucheza. Kwenye shairi unachagua linaloingia kwenye mizani, basi. Kwenye fomu ya kupeleka gari gereji, neno moja lisilokaa mahali pake linaweza kumkata mtu mshahara. Nalijua hilo kwa sababu ya baba yangu mdogo, dereva wa zaidi ya miaka ishirini, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akiambiwa, kwa adabu sana, kwamba ni mwongo.

Gari lilikuwa Land Cruiser ya familia ya 70, ile ya kazi ngumu, mali ya mradi mmoja uliokuwa na vijiji upande wa Engaruka. Ukitoka Mto wa Mbu kuelekea huko, barabara ya vumbi ina mikunjo iliyopangana kama bati la paa, halafu ghafla unakutana na korongo. Baba mdogo alisema akifika kilomita 70 kwa saa, akapiga kashimo kamoja tu, usukani unataka kumtoka mikononi. Kushoto kulia, kushoto kulia, haraka kiasi kwamba macho hayafuati, na pua yote ya gari inarukaruka mpaka apunguze mwendo karibu na kusimama. Kisha kimya. Unaondoka tena kama hakuna kilichotokea.

Sasa uthibitishe. Mjini Arusha, kwenye foleni, gari lilikuwa zuri tu. Ofisa usafiri aliliendesha mpaka Usa River na kurudi, lami tupu, hakuona kitu. Kwenye fomu, sehemu ya maelezo ya tatizo ina mstari mmoja. Baba mdogo akaandika: usukani unatetemeka. Gereji ikasoma "unatetemeka" na kufanya kile ambacho neno hilo linaagiza, yaani kubalansi matairi. Mara ya pili wakapima alaimenti. Mara ya tatu wakafunga shokapu mpya ya usukani, ile inayolala chini karibu na ekseli, na kweli gari likatulia wiki kadhaa. Liliporudia, huku matairi ya mbele yakiwa yameliwa mabakamabaka, ikaandikwa barua: uendeshaji mbaya, gharama za matairi mawili zikatwe kwenye mshahara.

Nilimsindikiza kwa fundi mwingine, gereji ya uchochoroni yenye mwembe na magari matatu yasiyo na magurudumu. Sikwenda kama mwandishi, nilikwenda kama mtoto wa kaka yake, ingawa daftari nilibeba.

Fundi hakugusa gari. Aliuliza kwanza.

"Unatetemeka, unayumba, au unapigana?"

Baba mdogo akamtazama. "Kwani si kitu kimoja?"

"Hapana, kaka. Kutetemeka kunakuja na spidi fulani, ukiipita kunapungua. Hiyo mara nyingi ni balansi, au rimu imepinda. Kuyumba, gari inaitafuta barabara, unairudisha, inatoka tena. Hapo naangalia pembe za magurudumu. Yako inafanyaje?"

"Inapigana na mimi, fundi."

"Haya. Inaanza yenyewe au mpaka ipigwe?"

"Mpaka ipigwe."

Nimewahoji watu wengi katika kazi yangu, mawaziri wakiwemo, na maswali yangu machache yamewahi kufika mbali kama hilo la "mpaka ipigwe".

Magari mengi madogo ya leo, kila gurudumu la mbele lina springi yake na maisha yake. Familia hii ya Land Cruiser, iliyotoka mwaka 1984, imebaki na ekseli ya mbele ya kipande kimoja: chuma kizima kutoka gurudumu hadi gurudumu. Ndiyo maana inavumilia makorongo. Lakini gurudumu moja likirushwa, lenzake linapata habari papo hapo. Kikiwepo kiungo kilicholegea, pigo linakwenda upande mmoja, linarudi, na matairi yanayozunguka yanaliongezea nguvu kila linapopita. Si kasoro ya chapa moja. Wamarekani wenye Jeep wana jina la kutisha kwa kitu hichohicho, mtikisiko wa mauti. Wazee wao walikiita shimmy, jina la dansi ya kutikisa mabega iliyovuma kwao karne iliyopita. Kiliwasumbua kiasi kwamba kilichangia magari ya abiria kuanza kuikimbia ekseli ya kipande kimoja miaka ya 1930. Sisi wenye rafu rodi hatukuikimbia, kwa hiyo tubaki na mafundi wake.

"Usinyanyue jeki," fundi alimwambia kijana wake. "Ikining'inia, viungo vinakuficha. Iache ikae kwa uzito wake."

Injini ikawashwa. Baba mdogo akakaa kwenye usukani na kuambiwa aukate kidogokidogo, kushoto kulia, bila kuacha. Fundi akaingia chini na kuanza kushika kiungo kimoja baada ya kingine: tairodi endi za pande zote, mkono unaotoka kwenye stelingi boksi, boliti za boksi lenyewe pale linaposhika chesisi. Hakutazama sana, alishika. Alipofika kwenye panadi rodi alinyamaza, halafu akaniita.

Panadi rodi ni chuma kirefu kinachokatiza chini ya gari, ncha moja kwenye chesisi na nyingine kwenye ekseli, ili ekseli isitembee upande upande. Aliweka kiganja changu kwenye ncha ya chini. Kila usukani ulipogeuka nilisikia *tk*, pigo dogo kwenye ngozi, na niliona chesisi ikisogea kwanza, magurudumu yakifuata baadaye. Raba ya bushi ilikuwa imekwisha. Boliti ilicheza ndani ya tundu mpaka tundu likawa na umbo la yai.

Ndipo jeki ikapanda. Alishika tairi juu na chini na kulisukasuka, likacheza kidogo. Akamwambia kijana akanyage breki, akasukasuka tena: mchezo ulikuwa uleule. Ungepotea, lawama ingekuwa ya beringi za gurudumu. Ulipobaki, ilikuwa zamu ya zile beringi mbili, ya juu na ya chini, ambazo gurudumu hukatia kona. Nazo akazibadilisha, kisha akapima ugumu wake kwa mizani ya kuvuta, ndugu wa ile ya muuza samaki.

Nilimuuliza kuhusu shokapu mpya. Akacheka. "Hiyo ni dawa ya maumivu, mwandishi. Gari nzima haiihitaji ili isipigane."

Akamaanisha. Tundu lilipojazwa kwa kuchomelea na kutobolewa upya, bushi mpya ikaingia na nati zikakazwa gari likiwa chini, aliifungua ile shokapu, akaitupa siti ya nyuma, na tukaenda Mto wa Mbu. Baba mdogo aliendesha. Niliogopa, siwezi kusema sikuogopa. Alifika 70, akatafuta shimo kwa makusudi, akalipiga. Usukani ulistuka mara moja, ukarudi. Akatafuta lingine.

Fundi aliandika karatasi ya kurasa mbili na kuifunga pamoja na bushi ya zamani kwenye mfuko wa nailoni, na baba mdogo akaupeleka ofisini. Makato ya mwezi wa pili hayakufanyika. Ya mwezi wa kwanza bado hayajarudishwa, eti kitabu cha mwaka ule kimeshafungwa. Barua nayo ipo kwenye faili lake, na juu yake kuna nyingine, fupi zaidi, inayosema gari limetengenezwa.