Dinari Mbili na Kile Kilichozidi

Mfano wa Msamaria mwema unaposomwa kanisani, wapendwa, huwa tunahimizwa tuwe kama Msamaria. Sisi wauguzi wa hospitali ya kanisa humtazama mtu mwingine ambaye wahubiri humpita haraka: mwenye nyumba ya wageni. Aliachiwa majeruhi na dinari mbili, akaahidiwa kwamba gharama itakayozidi atalipwa msafiri akirudi. Luka hasemi kama msafiri alirudi.

Wenzetu waliotutangulia kazini wanakumbuka enzi ambapo matibabu katika vituo vya serikali yalikuwa bure. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ulianza. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ukajaribiwa Igunga, na mwaka 2007 ukaja mpango wa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Sasa tuna sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023. Hatuyabezi mageuzi haya. Mama aliyekuwa akitembea kutwa nzima kutafuta kliniki leo anaipata karibu na kwake.

Ila zahanati mpya zilihitaji watu, na baadhi ya watu hao walitoka kwetu. Walifuata mshahara wa uhakika na pensheni. Hatuwalaumu, maana wana watoto wa kusomesha. Waliobaki waliunganisha zamu. Hata leo wodini kwetu wauguzi wawili wanavaa sare moja na kumgeuza mgonjwa mmoja, lakini mmoja analipwa na serikali na mwenzake anasubiri hospitali ipate mapato. Bima nayo imetuongezea kalamu. Usiku, kati ya dripu na dripu, tunajaza fomu: jina, namba ya kadi, ugonjwa, dawa, saini. Fomu ikiwa na kasoro, dai hukatwa, na dawa mgonjwa ameshaimeza.

Linalotuumiza zaidi ni msamaha. Sera inasema wajawazito, watoto chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Ni sera njema, nasi tunaiona inafanana na Injili. Lakini anayetangaza msamaha hayupo dirishani mzee anapofika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Nimeambiwa sisi wazee ni bure."

Ana barua ya mtendaji wa kijiji, imekunjwa mara nne. Vidonge vyake vya presha katika fungu la msamaha vimekwisha. Vilivyopo ni vya kuuzwa, na pesa yake ndiyo itakayonunua vingine. Tukimpa bure, mwisho wa mwezi rafu itakuwa tupu kwa wote. Tukimnyima, tumemrudisha njiani alikookotwa. Basi tunachanga. Tuna kopo la maziwa ya unga kwenye chumba cha wauguzi, na kila mmoja hutia alichonacho.

Wageni wanaotutembelea husifu sana kopo hilo. Sisi hatujivunii. Kopo humsaidia yule tuliyemwona na kumhurumia. Michango yetu hapa usharika ina tabia hiyohiyo: aliye kwaya, au mwenye ndugu wengi, huchangiwa haraka, na mjane asiyejulikana hupitwa. Kwa hiyo tunathubutu kusema kwamba bima, pamoja na fomu zake zote, iko karibu zaidi na imani yetu kuliko harambee. Mwenye afya humlipia mgonjwa asiyemjua, wala hasubiri kushukuriwa. Lakini haiwezi kusimama ikiwa tunaiulizia tukiwa tumeshalazwa, kama wengi wanavyofanya. Na kwa asiyeweza kabisa kuchangia, lazima fedha ya mchango wake itoke mahali fulani, iwe hazina ya serikali au sadaka. Msamaha usio na fungu tunaulipa sisi kwa usingizi wetu, na mgonjwa anaulipa kwa vidonge asivyopewa.

Tumewaomba wazee wa kanisa kwamba sadaka moja kwa mwezi iende kwenye kadi za bima za kaya zisizojiweza, na majina yatoke kwa serikali ya kijiji, bila kuulizwa dhehebu. Bado wanajadili. Mzee wetu atarudi mwezi ujao kuchukua vidonge vyake, na jana kopo lilikuwa na shilingi elfu nne.