Kalemie, mahali reli inaishia majini



Sisi wa komini ya Kenya hatuna bahari karibu. Lakini Lubumbashi tunaweza kupanda treni, tukapita Kamina na Kabalo, na kushuka Kalemie, mji wenye mawimbi na meli. Ni kwenye ziwa Tanganyika, kwa ndagala na mikebuka.

Wakati wa Wabelgiji mji uliitwa Albertville. Reli ya kutoka Kabalo, zaidi ya kilomita 270, ilifika ziwani mwaka 1915, katika vita kuu ya kwanza. Wajerumani walikuwa ng'ambo, Kigoma. Mwaka huohuo Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kwa treni kutoka Cape Town. Zilipita mji wetu, zikashushwa Fungurume, zikavutwa porini kwa mashine za mvuke na ng'ombe, zikateremka mto Lualaba, mwisho zikapandishwa treni ya Kabalo hadi ziwani. Kule porini mashine zilipokosa maji, wanawake wa vijiji ndio waliobeba mitungi kichwani ili safari iendelee.

Hata baada ya vita njia haikuwa moja. Mtu wa Lubumbashi alishuka Bukama, akapanda mashua ya mtoni hadi Kabalo, ndipo akapata treni tena. Reli ya Kamina hadi Kabalo ilifunguliwa mwaka 1956, safari ikaungana.

Leo kituo ni cha SNCC. Kinapokea abiria na mizigo, na bandari iko karibu, na mashua za Moba, Uvira na Kigoma. Mzigo wa Dar es Salaam unaweza kufika Kigoma kwa reli ya Tanzania, kuvuka ziwa na kuingia katika reli yetu.

Kwa mama mchuuzi, kituo hiki ni minervali ya watoto. Treni haiji kila siku, na reli ni za zamani. Siku zinaweza kuongezeka njiani. Ndagala wasiokauka vizuri hawangoji. Kwa hiyo:

– Tuulize kituoni tarehe ya treni kabla ya kununua samaki, si baada.
– Tupime mzigo na kutunza risiti. Kila gunia liwe na alama yake.
– Tubebe maji, chakula cha siku za ziada, dawa na chandarua cha mtoto.
– Tusafiri wawili au watatu: mmoja akilala, mwingine alinde.
– Tusiweke pesa zote za kikundi katika safari moja.

Shuleni watoto husoma majina ya maofisa na wafalme. Jioni hii tuwasimulie pia wale wanawake wa mitungi. Leo mama anayepanda treni Kalemie na gunia lake anaendeleza kazi yao.