Kupwa, Pwani na Njia ya Miguu

Neno "pwani" lina asili katika kitenzi "kupwa". Baharini, maji yakipwa, mchanga hufunguka mbele ya kila mpita njia, ukuta wa hoteli ukabaki nyuma. Sisi wa Sola, wilayani Maswa, mwambao wa mkoa wetu wa Simiyu uko Busega, kwenye Ziwa Viktoria. Maji yake hayapwi na kujaa kila siku. Ua ukifika majini, njia imekwisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ufuko. Lakini kuulinda ufuko si kuwapa watu njia. Bahari huifungua yenyewe. Ziwani shurti tuitenge sisi, mapema.