Tulipoanza Kupima Maungio

Nimelelewa kikazi kwenye mabomba na zege. Huko kazi haijifichi: mtaro umechimbwa au haujachimbwa, na foromani akikuambia tumefika darajani, unatembea hadi darajani ukaone. Mhandisi wa maji aliyeanzia hapo huamini macho na miguu yake, nami nilikuwa hivyo. Namba za kwenye ripoti nilizihesabu kuwa karatasi za mfadhili, kitu cha kuambatanisha na hati ya malipo.

Imani hiyo iligeuka nilipohamia kwenye mifumo. Sasa kazi ilikuwa visima na pampu, matangi, vihisi vya presha na vya kina cha maji, redio za kupeleka taarifa, na chumba kimoja cha udhibiti ambamo mtu anakaa akiangalia mji mzima unavyopata maji. Kila kipande kina mkandarasi wake. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya vijana wahandisi ninaowaona wakiingia kwenye miradi ya aina hii na bidii kubwa, bila kipimo mkononi.

Vikao vyetu vya saiti vilikuwa na lugha moja: asilimia. Paneli asilimia 90, programu asilimia 90, mawasiliano 95. Mwezi ukiisha, 90 ziko pale pale, na hakuna aliyekuwa anadanganya. Kila mkandarasi alikadiria kipande chake, na kipande chake kweli kilikaribia kuisha.

Kisha tukafika siku ya majaribio katika kituo kimoja cha pampu. Fundi alifunga geji ya mshale kwenye bomba la kutokea. Mshale ukatulia kwenye 4 bar. Akapiga simu chumba cha udhibiti, na kijana wa huko akamsomea kilichoandikwa kwenye skrini: 6.4. Wakarudia. Geji 4, skrini 6.4. Kihisi kile kilitengenezwa kupima kuanzia 0 hadi 10 bar, na hupeleka kipimo chake kwa mkondo wa umeme wa miliampia 4 hadi 20. Kwenye 4 bar kilitoa miliampia 10.4, sawasawa kabisa na kilivyopaswa. Lakini programu upande wa pili iliandikwa kwa kihisi cha 0 hadi 16 bar, kwa hiyo miliampia zile zile 10.4 ikazisoma kuwa 6.4. Tungewasha mfumo vile vile, pampu ingedhani mtandao umejaa presha na kupunguza mwendo, na mitaa ya mlimani ingekauka huku skrini ikionyesha kila kitu kiko shwari.

Kihisi kilikuwa kizima. Programu ilikuwa nzima. Kasoro ilikaa katikati, mahali ambapo hakuna mkandarasi aliyeweka asilimia yake.

Baadaye nilisoma ripoti ya uchunguzi wa Mars Climate Orbiter, chombo ambacho NASA ilikirusha Desemba 1998, nikaitambua hadithi. Programu ya ardhini ilitoa msukumo wa injini kwa vipimo vya pauni. Walioongoza safari walizipokea namba hizo kama nyutoni, tofauti ya zaidi ya mara nne. Kilichonigusa zaidi ni kwamba namba zilitahadharisha. Chombo kilipangwa kupita kilomita 226 hivi juu ya Mars. Katika wiki ya mwisho makadirio yalishuka hadi kati ya 150 na 170. Saa 24 kabla ya kufika yalikuwa 110. Marekebisho mengine ya njia yalijadiliwa, hayakufanyika. Tarehe 23 Septemba 1999 kilipita kwenye kilomita 57 hivi, ilhali chini ya 80 hakikutarajiwa kupona. Kipimo kilikuwepo na mwelekeo wake ulikuwa wazi. Kilichokosekana ni makubaliano ya mapema kwamba namba ikishuka hapa, tunafanya hivi.

Jambo hilo hilo nilikuwa nimeulizwa na mzee mmoja, mhandisi wa umeme aliyetushauri. Aliitazama ripoti yetu ya mwezi, akaweka kidole kwenye safu ya asilimia. “Injinia,” akaniambia, “hii 90 ikiwa 70 kesho, utabadilisha nini?” Nilifikiri. Hakukuwa na kitu. “Basi, mwanangu, hicho si kipimo.”

Tangu hapo naanza na uamuzi, kisha swali, kisha namba. Si ugunduzi wangu. Victor Basili na wenzake huko Marekani walijenga njia nzima ya kutoka kwenye lengo kwenda kwenye swali hadi kwenye kipimo, na kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 15939, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, kimesimama juu ya wazo kwamba kipimo huanza na taarifa ambayo msimamizi anaihitaji. Uamuzi wangu ulikuwa huu: vifaa visafirishwe au vibaki kiwandani? Swali lake: vitaelewana vikifika? Kwa hiyo tukafungua daftari la maungio. Kila mahali ambapo kipande cha mtu mmoja hukutana na cha mwingine pakapata mstari wake, wenye majina mawili ya wahusika na hatua tatu: limekubaliwa kwa maandishi, limejaribiwa kiwandani, limejaribiwa saiti. Pembeni tukaandika umri, yaani wiki ambazo ungio limekaa wazi.

Safu ya umri ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Idadi ya maungio yaliyo wazi ilikuwa inapungua vizuri, kila mtu ana furaha, lakini machache yalikuwa yanazeeka bila kuguswa, na yote yaliangukia kati ya wakandarasi wale wale wawili, wa umeme na wa redio. Tuliwaita chumba kimoja na michoro yao kabla paneli hazijafungwa kwenye makasha. Ilibainika kwamba kila mmoja alimtegemea mwenzake kuleta betri za akiba. Jambo la mazungumzo ya asubuhi moja. Lingegunduliwa saiti, lingekuwa agizo jipya kutoka ng’ambo.

Sikuacha hesabu za fedha. Mwaka 1967 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliweka vigezo vya kupima thamani ya kazi iliyokwisha kufanyika, na hesabu yake bado inasema ukweli: ukipanga kazi ya shilingi milioni 400, ukamaliza ya milioni 300 kwa kutumia 380, umechelewa kwa robo ya mpango na kila shilingi inakuletea kazi ya senti 79 tu. Namba hizo zinakuambia hali ya mfuko na kalenda. Hazikuambii kama maji yatatoka mlimani.

Nimejifunza pia kulilinda daftari. Mwaka 1975 mchumi Charles Goodhart aliandika kwamba uhusiano wa kitakwimu huelekea kuvunjika pale unaposhikwa kama chombo cha udhibiti. Sisi tuna mgema wetu: akisifiwa, tembo hulitia maji. Mkandarasi anayekemewa kikaoni kwa maungio yaliyo wazi atayafunga kwenye karatasi kabla ya kuyafunga kwenye nyaya. Ndiyo maana sikubali daftari litumike kukata malipo, na anayeleta ungio jipya lililosahaulika namshukuru mbele ya wote, hata kama mstari wa grafu unapanda.

Kwenye mradi nilio nao sasa ulipanda hivi karibuni, wiki chache kabla ya tarehe ya uzinduzi. Waliotaka kukata utepe walikasirika, na nikaombwa niuondoe ukurasa ule kwenye ripoti. Niliuacha ulivyo, nikaandika chini yake ni maungio gani yameongezeka na nani anayashughulikia. Wameukubali. Uzinduzi umesogezwa mbele, na kuanzia Jumatatu tunajaribu vituo vya juu, kimoja kimoja, geji ya mshale ikiwa imefungwa pembeni ya kila kihisi.