Mume Wangu, Mjomba na Meli Iliyozama

Hivi mara ya mwisho wewe na mwenzako kusafiri wawili tu ilikuwa lini? Ukitoa misiba, harusi za ndugu na kupeleka watoto kwa bibi. Usione haya, hata sisi tulikuwa hivyo hivyo. Ndiyo maana tulipotimiza miaka kumi ya ndoa nikamwambia mume wangu: safari hii tunaondoka wawili, wiki nzima, watoto wanabaki. Akakubali haraka mno. Kumbe mwenzangu alikuwa na lake moyoni.

Lake lilikuwa hili. Mume wangu ni mtu wa Moshi, bahari ameijua ukubwani, na kama ujuavyo, mgeni wa kitu ndiye hukipenda kupita kiasi. Amejifunza kuzamia kwa mitungi ya hewa, ana vyeti kabisa. Alitaka tuanzie Pemba, kijijini Msuka kwa mjomba wangu, halafu turudi Unguja akazamie HMS Pegasus, manowari ya Waingereza iliyozama mbele ya Mji Mkongwe mwaka 1914.

"Ni mita 40 tu," akasema. Tu!

Msuka, mwisho wa barabara

Msuka iko kaskazini kabisa ya Pemba. Ukishuka Chake Chake unapanda gari hadi Konde, na kama ni msimu wa karafuu utaona majamvi yameanikwa kandokando ya barabara, harufu inakufuata njia nzima. Upande wa magharibi kuna msitu wa Ngezi wenye miti mirefu na popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani pengine popote duniani. Ukiuvuka msitu unafika Ras Kigomasha, kwenye mnara wa taa unaoonyesha meli njia.

Msuka yenyewe haina mbwembwe. Kuna pwani, mashua, minazi na watu wanaokusalimia mpaka unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Kuna pia magofu ya msikiti wa zamani. Kwenye kibla chake umechongwa mwaka 816 wa Hijria, yaani 1414. Mume wangu alisimama pale muda mrefu. "Miaka 600 na ushei," akasema, "na tarehe bado inasomeka."

Usiku, baada ya pweza wa nazi na muhogo, tukakaa barazani na mjomba. Hapo ndipo mume wangu akaanza kusimulia habari za Pegasus.

Asubuhi ya tarehe 20 Septemba

Alisimulia vizuri, simnyimi haki yake. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeanza wiki chache tu. Pegasus ilikuwa imetia nanga bandarini Zanzibar, inatengenezwa mitambo. Alfajiri ya 20 Septemba 1914 ikatokea manowari ya Wajerumani, Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff. Mizinga ya Königsberg ilifika mbali kuliko ya Pegasus, kwa hiyo Mjerumani alipiga na Mwingereza hakuweza kumfikia. Ndani ya dakika chache Pegasus ilikuwa hoi, na siku ile ile ikazama. Königsberg nayo ikaenda kujificha katika delta ya Rufiji, mpaka ikamalizwa huko tarehe 11 Julai 1915. Ukifika Fort Jesus, Mombasa, utaona mizinga ya meli zote mbili, maadui wa jana wamewekwa uwanja mmoja.

Akaongeza na ya vita vya pili: meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives tarehe 12 Februari 1944. Ilizama kwa dakika mbili hivi. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki, vijana wetu hawa hawa.

Mjomba alisikiliza kimya. Kisha akauliza, "Hao wa Pegasus, walikufa wangapi?"

"Thelathini na wanane, mjomba."

"Wakazikwa?"

"Wapo waliozikwa. Kuna makaburi kisiwani Chapwani."

"Alhamdulillahi," akasema. Akainuka, akaingia ndani. Mke wa mjomba naye akakusanya vyombo bila neno.

Nilichokuwa sijamwambia

Chumbani tukagombana kwa kunong'ona, si unajua tena nyumba za watu. "Nimekosea nini?" aliniuliza. Ikabidi niseme.

Mume wangu alijua kwamba nilifiwa na binamu mwaka 2011, kabla hatujaoana. Hakujua kwamba binti huyo wa mjomba alikuwa ndani ya Spice Islander, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, akirudi Pemba kutoka Unguja. Zaidi ya miili 200 ilipatikana. Wake haukupatikana. Kwa mujibu wa tume ya uchunguzi, waliopotea moja kwa moja walizidi 1,000. Walikuja wazamiaji kutoka Afrika Kusini, lakini mkondo ulikuwa mkali na kina kirefu, wakasitisha kazi.

"Miaka kumi," akasema, "na hukuniambia."

Sikuwa na jibu. Kuna mambo unayanyamazia kwa sababu kila siku si siku yake, halafu miaka inapita. Yeye akasema basi, Pegasus haendi tena. Nami, badala ya kufurahi, nikajiona mwizi.

Asubuhi nikapeleka chai pwani. Nikawakuta mjomba na mkwewe wameketi juu ya mashua iliyopwelewa. Mjomba alikuwa akisema: "Mkwe wangu, mimi sikukatazi. Lakini nyumba ya mtu huingii bila hodi. Ukifika huko chini, piga hodi, hata kimoyomoyo. Usichukue kitu, hata msumari. Na ukipanda juu unipigie simu, uniambie kukoje. Toka siku ile hakuna mtu aliyeniambia kukoje."

Dakika chini ya kumi

Siku tatu baadaye nilikuwa kwenye boti mbele ya Mji Mkongwe, nimeshika saa. Alishaniambia kwamba kwa mita 40 mgandamizo ni mara tano ya huku juu, na hewa ya mtungi inakwisha mara tano haraka. Naitrojeni inaweza kukulevya kama mtu aliyekunywa bia mbili tatu. Kwa hewa ya kawaida unakaa chini muda usiofika dakika kumi, kisha unapanda polepole na kusimama kwenye mita 5 kwa dakika tatu au zaidi. Na haya ndiyo maji ya vuguvugu! Kule Scapa Flow, Uskoti, kwenye manowari zilizozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1919, baridi huwavalisha watu suti zisizoingiza maji.

Mwenzangu, dakika zile ni ndefu kuliko uchungu wa uzazi. Alipoibuka hakupiga makelele ya ushindi. Alivua miwani, akasema, "Nimepiga hodi." Kisha akaomba twende Chapwani. Tukasimama kwenye makaburi ya mabaharia wale, tukasoma majina. Pale pale akampigia mjomba.

Maswali yalikuwa matatu. Kuna mwanga? "Upo, hafifu, kama magharibi inapoingia." Kuna samaki? "Wengi, mjomba, wamefanya maskani." Kuna baridi?

Hapo akasita, akanitazama. "Kidogo. Inavumilika."

Kimya. Halafu nikamsikia mjomba akisema, "Basi vizuri, mwanangu. Ahsante." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mwanangu badala ya mkwe.

Hatukumwambia kwamba Spice Islander iko kina zaidi ya hapo, mwanga usikofika. Mjomba amevua mkondo wa Pemba maisha yake yote. Kina cha maji yale anakijua kuliko sisi.

Ukitaka kwenda

• Pemba unafika kwa boti hadi Mkoani au kwa ndege hadi Chake Chake, kisha gari hadi Konde na Msuka. Vaa nguo za heshima.
• Pegasus si ya anayejifunza. Uwe na cheti cha kuzamia kina kirefu, na ulizia kibali kwa wenyeji wa kazi hiyo.
• Ukishazamia, usipande ndege mpaka saa 24 zipite.
• Usiguse wala kuokota kitu.
• Na kabla ya safari, mwambie mwenzako yale ambayo hujamwambia.