Mita 600 Kutoka Baharini

Mtu wa Nairobi akiniuliza kwetu ni wapi, namwambia Diani. Ni uongo mdogo unaookoa muda. Nikisema Kinondo nitaulizwa ndiyo wapi huko, na mwisho nitajikuta naeleza, "Ukipita Diani, upite Galu, kabla hujafika Chale." Si bora niseme Diani tu, aone mchanga mweupe na ngamia wa kupigwa picha, tuendelee na mambo mengine.

Kazi yangu pia ni ya uongo mdogo mdogo. Naandika matangazo ya nyumba na ploti, kwa Kiingereza, nalipwa kwa kila tangazo. Madalali wa Ukunda hunitumia picha kwa WhatsApp, mimi natafuta maneno. Njia ya vumbi naiita njia tulivu ya kijijini. Kichaka ni mandhari ya asili. Mwaka jana kuna mteja alitaka kila tangazo liseme "Bali ya Afrika". Sijawahi kufika Bali, na yeye pia hajafika, lakini nilisoma kidogo nisije nikaaibika. Ndipo nikajua kwamba kule Indonesia mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi moja kwa moja. Anakodisha, mara nyingi miaka 25 au 30, anajenga vila yake katikati ya mashamba ya mpunga, na muda ukiisha ardhi inarudi kwa mwenyewe. Kwetu Katiba ya 2010 inampa mgeni hadi miaka 99. Nina miaka 26. Kwangu mimi 99 na milele ni kitu kimoja.

Hayo sikuyaweka kwenye tangazo, bila shaka.

Sasa siku ya pili ya Idd mwaka huu mjomba aliniita kando, chini ya mwembe, akanipa simu yake niangalie picha alizopiga mwenyewe. Minazi. Kisima. Ua wa makuti. Kwa nyingine kidole chake gumba kimeziba pembe nzima. Nilikuwa nimeziangalia picha tatu kabla sijaelewa kuwa ni kwetu.

"Tuandikie na sisi," akasema. "Vile unavyowaandikia wale."

Shamba lenyewe lilikuwa ekari 2. Sasa ni moja na robo tatu. Hiyo robo iliyokatwa ni mimi.

Mwaka 2018 niliitwa chuo kikuu, huko bara. Mkopo wa serikali ulitosha nusu ya mambo. Babu, ambaye alikuwa bado hai na sauti yake bado inasikika mpaka barabarani, akasema atamkatia mama robo ekari upande wa njia, auze, mtoto asome. Mpimaji akaja na bikoni zake. Bodi ya ardhi ikakubali. Bibi akatia kidole gumba mbele ya watu, maana sheria inataka mke akubali kwanza. Laki 9. Ilikuwa pesa nyingi kuliko zote zilizowahi kupita nyumbani kwetu, na nilipanda basi kwenda bara nikiwa nimezibeba mwilini: karo, kodi ya chumba, laptopu ya mtumba.

Machi 2020 korona ikafunga vyuo, ikafunga na hoteli. Mamangu alikuwa dobi kwenye hoteli moja ya ufuoni, na hiyo ilikuwa mara yake ya pili kusimamishwa na utalii. Mara ya kwanza ilikuwa 1997, zile vurugu za Likoni zilipoanza Agosti na wageni wakaondoka kama waliofukuzwa na nyuki. Wakati ule alirudishwa kazini baada ya muda mrefu. Hii ya pili hakurudishwa. Vyuo vilipofunguliwa nilikuwa na deni la karo, na mfukoni nina nauli ya kwenda bila ya kurudi. Hakuna aliyenifukuza. Niliacha tu kuingia kwenye masomo ya mtandaoni, wiki ya kwanza, wiki ya pili, nikawa mtu aliyeacha chuo bila kuwa na siku ya kuacha.

Kwenye robo ile palijengwa vila. Vyumba vitatu, bwawa la kuogelea, ukuta wa matumbawe uliochongwa vizuri sana, sitasema uongo. Mwenyewe haishi pale; wageni wanapangishwa kwa usiku. Mamangu ndiye anayefua mashuka. Aliniambia siku moja kwamba kitanda cha chumba cha nyuma kimewekwa pale palipokuwa na jiko la bibi zamani. Hakuniambia kwa uchungu. Aliniambia vile mtu anavyokuambia kwamba steji imehamishwa. Mshahara anaupata kwa wakati, na anapewa sabuni inayobaki.

Mwaka jana wageni wa pale walilalamika kuhusu jogoo. Mama akatumwa kuvuka ukuta aje amuulize bibi, yaani mamake mwenyewe, kama jogoo anaweza kulala upande wa pili wa shamba. Bibi akauliza wageni wanalala mpaka saa ngapi. Mama akasema mpaka saa tatu. Bibi akasema basi ni wagonjwa, akamhamisha jogoo kwa huruma.

Kwa hiyo mjomba aliponipa ile simu nilimjibu vibaya. Nilimwambia huwezi kuuza kitu ambacho bado kina jina la marehemu. Babu alifariki 2021 na hati bado ni yake. Mjomba akanyamaza, akatoa mchanga kwenye ndara zake, kisha akasema pole pole, kama mtu anayehesabu samaki:

"Mpwangu. Nyinyi mliuza robo ukasome. Ukarudi bila karatasi. Mimi nikiuza nitarudi na mashine ya boti."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Nataka nimtendee haki, maana kwenye hadithi za ardhi Pwani kuna yule mjomba mlevi anayeuza shamba kwa kreti mbili za soda. Mjomba wangu hanywi. Anavua. Zamani alivua kwa mtumbwi ndani ya mwamba akapata riziki ya siku. Sasa ndani ya mwamba samaki ni wachache na vidogo, inabidi utoke nje, na nje hutoki kwa kasia msimu wa kusi. Hata njia ya kwenda baharini imebadilika. Alipokuwa kijana aliteremka moja kwa moja na nyavu zake begani. Siku hizi anapita katikati ya kuta mbili ndefu, kijia cha upana wa punda, na askari wa geti, kijana aliyetoka mbali, humuuliza anaenda wapi. Anaenda baharini. Atakwenda wapi tena?

Na si kwamba ardhi ya hapa ilikuwa na amani mpaka vila zilipokuja. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria nchini kote, na ploti za ufuoni zimo. Wazee wa kwetu hawakuhitaji ripoti. Wanakuonyesha kwa kidole: pale palikuwa kwa nani, akapewa nani, akamuuzia nani. Sisi tulibahatika kuwa mbali kidogo na maji. Mita 600. Zamani hiyo ilikuwa ardhi ya mihogo. Sasa safu ya mbele imejaa, ya pili imejaa, na mita 600 ghafla ni "mwendo mfupi hadi ufuoni". Barabara ya Dongo Kundu nayo imefupisha safari. Mtu anatoka upande wa bara akatokea kwetu bila kupanda feri ya Likoni. Kila kinachofupisha safari kinarefusha bei.

Turudi kwa ile hati. Nilienda kuulizia mambo ya mirathi, nikarudi na hesabu ambayo ilituweka macho usiku. Kwa sheria ya Kiislamu bibi anapata moja ya nane. Kinachobaki kinagawanywa, mwana wa kiume mafungu mawili, binti fungu moja. Mjomba ni mmoja, dada zake wawili. Ukipiga kwa ekari zetu, bibi anapata chini kidogo ya robo, mjomba robo tatu na kitu kidogo, mama na mama mdogo kila mmoja theluthi na ushee. Mjomba akasema mama alishakula fungu lake 2018. Mama akasema ile ilikuwa zawadi ya baba kwa mjukuu. Wote wawili wakaniangalia, kana kwamba mimi ni risiti.

Kuna jambo lingine ambalo mjomba mwenyewe alilileta, akicheka. Kwa ada ya zamani ya sisi Wadigo, kabla dini haijashika mirathi, mtu alirithiwa na watoto wa dada yake, si wanawe. "Kwa hiyo ada ikirudi," akasema, "hili langu lote ni lako. Nasubiriwa kufa tu." Bibi akamwambia aache maneno ya mkosi. Kisha akauliza swali ambalo dalali hakulitegemea: minazi je? Maana ile minazi 11 ya upande wa kisima ilipandwa na kakake bibi, kwa ruhusa ya babu, na watoto wake huja kuangua mpaka leo. Ardhi ni yetu, minazi ni yao. Dalali alisema mnunuzi ataikata tu. Alisema hivyo akinywa dafu la mmoja wao.

Ninapotaka kufikiria bila kelele huwa naenda upande wa kaya. Wengi wenu mmekuja Diani mara nne na hamjaingia Kaya Kinondo, iko pale pale. Ni msitu wa kama hekta 30, mkongwe, umekalia mwamba wa matumbawe karibu na bahari, na 2008 UNESCO iliuweka kwenye Urithi wa Dunia pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Unafungwa kitambaa cheusi kiunoni, unavua kofia, huchukui kitu, hata jani lililoanguka. Mgeni analipa, anatembezwa, na sehemu ya pesa inabaki kijijini. Nimewahi kutafsiri pale siku kadhaa. Mgeni mmoja aliuliza msitu huu ukiuzwa unaweza kuwa na thamani gani. Nilitafsiri swali. Mzee alicheka akaendelea kutembea, na mgeni akanitazama akisubiri tafsiri ya kicheko.

Lakini sitaki kuwadanganya kwamba kaya ndiyo jibu. Kaya haina mtu mmoja anayeweza kutia saini aamke tajiri. Labda ndiyo maana bado ipo. Na hata hivyo, kisiwa cha Chale nacho ni kaya, na kina hoteli. Pesa za kiingilio ni za kusaidia kijiji, si za kununua mashine ya boti.

Wazo langu lilikuwa hili. Tumalize mirathi. Tusiuze. Tukodishe nusu ekari kwa miaka michache, kwa mkataba unaosomeka, na upande wa pili tujenge vyumba viwili vya makuti, mama asimamie, yeye anajua kazi ya wageni kuliko hao wenye vila. Niliandika yote kwenye daftari. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza pesa za kujenga zinatoka wapi. Nikasema benki. Benki inataka hati. Hati ina jina la marehemu. Mgeni naye anataka waifai, feni isiyozimika na maji matamu, na kisima chetu kimeanza kuonja chumvi tangu mabwawa ya kuogelea yalipoongezeka huku. Aprili na Mei, mvua ikishika, hata vila zenye picha nzuri hulala tupu. Mjomba hakunicheka. Alisema tu, "Hiyo ni biashara ya mtu mwenye pesa za kusubiri."

Wiki iliyofuata nililiandika tangazo. Nilijiambia ni la kumnyamazisha tu, silitumi popote. Ikanichukua dakika 20, na hilo ndilo lililoniuma, kwamba maneno yalikuja yenyewe. Jioni bibi akataka kujua nimeandika nini, nikamsomea kwa Kiswahili. Ekari moja na robo tatu. Minazi iliyokomaa. Kisima. Mwembe mkubwa wenye kivuli mchana kutwa. Upepo wa bahari, utulivu, majirani wema, mita 600 kutoka ufuoni.

Alisikiliza huku anachambua mchicha.

"Ni pazuri," akasema. "Ni wapi huko? Wanauza pesa ngapi?"

Mama aligeuka akaangalia ukutani. Mjomba ndiye aliyemwambia. Bibi akasema aah, akaendelea na mchicha wake, na hatukulizungumza tena usiku ule.

Tangazo bado liko kwenye simu yangu. Dalali amepiga mara tatu, na mara ya mwisho alinipa kazi nyingine, vila ya Galu, nikaikubali kwa sababu kodi ni kodi. Tumepewa tarehe Mahakama ya Kadhi, Kwale, mwezi ujao. Watoto wa kakake bibi nao watakuja, kwa ajili ya minazi. Mjomba atanichukua kwa pikipiki ya kuazima saa kumi na mbili asubuhi, na ameshaniambia nisije na kaptula.